Maswali ya Wasomaji: Upasuaji Unafundishika kwa Mbali?

Vyuo vingi vya udaktari sasa vinatoa sehemu ya masomo ya upasuaji kwa njia ya mtandao, na barua tulizopokea zinaonyesha kuwa wanafunzi, wazazi na walimu hawana uhakika ni kipi kinafaa kufundishwa hivyo na kipi hakifai. Barua za safari hii zinajibiwa na daktari wa upasuaji ambaye pia hufundisha wanafunzi wa udaktari. Baadhi yake zimefupishwa.

Daktari, shikamoo. Niko mwaka wa tatu wa udaktari. Muhula huu mihadhara yetu ya upasuaji inatolewa mtandaoni, na wodini tunaingia kwa zamu kwa sababu tumekuwa wengi. Nimetazama video nyingi za upasuaji wa ngiri ya kinena hadi ninaweza kusimulia hatua zote, lakini juzi nilipoingia chumba cha upasuaji kumsaidia daktari nilijiona kama mtu ambaye hajawahi kuona chochote. Je, upasuaji unaweza kweli kujifunzwa kwa mbali, au tunajidanganya?
*Mwanafunzi, Mwanza*

Marahaba. Kilichokukuta hakitokani na uvivu wako bali na namna video hizo zinavyotengenezwa. Anayeziandaa hukata dakika za kutafuta, za kusita, za kufuta damu na za kusubiri koleo jingine, akabakiza zile ambazo tishu imekwisha kutandazwa vizuri mbele ya kamera. Unamwona daktari akifungua utando mgumu wa msuli wa nje wa tumbo, na chini yake mshipa wa fahamu wa kinena umelala mweupe na safi kana kwamba umewekewa alama. Mezani mafuta yameufunika, taa inamulika upande usiofaa, na msaidizi, ambaye siku hiyo ni wewe, hajui avute kwa nguvu kiasi gani. Mshipa huo huo ukikatwa, au ukinaswa ndani ya mshono, mgonjwa anaweza kubaki na maumivu ya kinena kwa miaka. Video ilikufundisha majina ya hatua na mfuatano wake, na hilo si jambo dogo, lakini haikukuuliza swali hata moja wala haikuona ulichokuwa ukifanya.

Kuna kazi moja ndogo iliyochapishwa mwaka 2010 ambayo huwatajia wanafunzi wangu kila wanapouliza swali kama lako. Madaktari wa Toronto, Kanada, walitaka kuwafundisha wenzao wa Botswana stadi za msingi za upasuaji wa matundu madogo bila kusafiri. Madaktari 16 wa upasuaji waliingia katika makundi mawili, na makundi yote mawili yalikuwa na sanduku la mazoezi pamoja na vyombo vyake. Kundi la kwanza lilijifanyia mazoezi lenyewe. Kundi la pili, kwa wiki nane, lilikutana kwa Skype na mkufunzi aliyeko Toronto, kamera ikiwa imeelekezwa kwenye vyombo, naye akiwasahihisha palepale. Mwishoni wote wa kundi la pili walifikia alama ya kufaulu, lakini katika kundi la kwanza ni asilimia 38 tu walioifikia. Idadi hiyo ni ndogo, na waliofundishwa tayari walikuwa madaktari wa upasuaji, kwa hiyo sitaki uichukue kuwa ushahidi wa kila kitu. Hata hivyo inaonyesha wazi kwamba bahari iliyowatenganisha na mwalimu haikuwadhuru wale wa kundi la pili, na kwamba sanduku la mazoezi pekee, bila mtu anayejua kukutazama, halikuwatosha wengi wa wale wengine.

Mafunzo mengi tunayoyaita ya mtandaoni hayana sehemu hiyo ya kutazamwa. Vyuo vya Tanzania vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, hadi vilipofunguliwa tena tarehe 1 Juni, na vyuo vya tiba vya Marekani vilipowaondoa wanafunzi wodini kwa muda mwezi huo huo wa Machi, walimu duniani kote walihamishia mtandaoni kile kilichokuwa chepesi kuhamishika, yaani sauti zao na slaidi zao. Hali ilikuwa ya dharura na sioni wa kumlaumu. Nisichokielewa ni kwa nini, miaka kadhaa baadaye, bado tunaipakia mihadhara ile ile na kuiita mafunzo ya upasuaji.

Kwa hiyo gawanya masomo yako. Yapo unayoweza kuyasoma kwa mbali bila wasiwasi, na pengine vizuri kuliko ukiwa umesimama nyuma ya wenzako ishirini kwenye mzunguko wa wodi: anatomia, dalili za tumbo linalohitaji upasuaji wa haraka, kusoma picha za eksirei, kuamua nani apasuliwe leo na nani asubiri hadi asubuhi, na kumwandaa mgonjwa kabla ya dawa ya usingizi. Hata utendaji wa timu husomeka kwa mbali kwa sehemu kubwa. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyozinduliwa mwaka 2008, ina vipengele 19 tu, na hospitali ya St. Francis ya Ifakara ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizoijaribu kwanza. Kwa ujumla wa hospitali hizo, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Vipengele vingi vya orodha hiyo ni maneno yanayosemwa kwa sauti, na maneno hayo mnaweza kuyafanyia zoezi kwa simu wanafunzi wanne, mmoja akiwa daktari wa upasuaji, mwingine wa usingizi, mwingine muuguzi, na wa nne akiwa mgonjwa ambaye jina lake halilingani na faili lililoletwa.

Kuhusu video za ngiri, usiache kuzitazama, ila badilisha namna ya kuzitazama. Kabla ya kila hatua simamisha picha, taja kwa sauti kinachofuata, taja usichotaka kukiumiza (mshipa wa fahamu, mrija wa mbegu za kiume, mishipa ya damu ya korodani), na useme utafanya nini damu ikianza kutoka hapo. Kisha endelea uone kama ulikuwa sahihi. Video ya dakika kumi itakuchukua saa nzima. Siku ya kuingia chumba cha upasuaji, mwombe daktari kabla ya kunawa mikono akueleze kazi ya msaidizi katika hatua mbili tu, kwa kuwa ukijaribu kufuata zote hutaifuata hata moja.

Daktari, chuo chetu hakifungui maabara ya stadi jioni, bando ni ghali, na mwalimu ametuambia tufanye mazoezi ya kushona nyumbani. Nianzie wapi, na nitajuaje kama ninakosea?
*Mwanafunzi wa mwaka wa nne, Dodoma*

Anza na fundo kabla ya mshono, kwa sababu fundo halihitaji sindano wala nyama. Funga kamba nyembamba kwenye mguu wa kiti au kishikio cha droo, ujifunze fundo la mikono miwili hadi liwe bapa bila kujikunja, kisha la mkono mmoja, mkono wa kulia na wa kushoto. Ukishazoea, vaa glovu na uzilowanishe kwa maji ya sabuni, kwani uzi wenye damu huteleza na vidole vilivyozoea uzi mkavu hushangaa. Halafu weka kitu kidogo cha kufungia ndani ya kikombe chepesi cha plastiki, kikiwa kimebandikwa chini kabisa, na ufunge fundo humo bila kukishika kikombe. Kikombe kikiinuka kutoka mezani, umevuta juu badala ya kusukuma fundo chini kwa kidole, na ndani ya tumbo mvuto wa namna hiyo huchana mshipa wa damu uliokuwa unataka kuufunga. Wanafunzi wangu wengi hudharau zoezi hili la kikombe mpaka wanapolifanya.

Kwa ngozi, watu hutumia ganda la ndizi au sponji, na kwa siku za mwanzo vinatosha, lakini havirudishi ukinzani ambao mkono unauhitaji. Nenda buchani ununue kongoro la ng'ombe ambalo ngozi haijachunwa wala kuchomwa, au kipande cha ngozi ya mbuzi, ukioshe, ukinyoe, ukibane kwenye ubao kwa misumari. Vifaa vinavyohitajika ni vinne: koleo la kushikia sindano, kibano chenye meno, mkasi na uzi wenye sindano. Uzi uliopita muda wake wa matumizi mara nyingi huwapo stoo za hospitali. Muombe msimamizi wa chumba cha upasuaji akupe kwa idhini, na usiurudishe kamwe mahali unapoweza kuchanganywa na wa wagonjwa. Sindano zilizotumika zitie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, kisha uipeleke hospitali kwenye boksi la ncha kali, maana anayezoa taka mtaani kwenu hakuingia katika mafunzo yako.

Sasa makosa. Shika sindano kwa koleo kwenye theluthi mbili ya urefu wake kutoka kwenye ncha. Ukiishika karibu na ncha haitapita, na ukiishika kwenye mkia itapinda. Iingize ikisimama wima juu ya ngozi, kisha uzungushe kiganja ili ifuate mviringo wake yenyewe, usiisukume mbele kama msumari. Umbali kutoka ukingo wa jeraha hadi sindano inapoingia uwe sawa na umbali wa inapotokea, na kina kiwe sawa pande zote mbili, vinginevyo ukingo mmoja utapanda juu ya mwingine. Kaza mpaka kingo zigusane tu. Ngozi ikigeuka nyeupe na kujikunja kuzunguka uzi, umekaza kupita kiasi, na kwa mtu aliye hai hapo damu haipiti na jeraha litachelewa kupona. Nyuzi zikiwa kumi, zipige picha ukiwa juu yake, uangalie nafasi kati yake, picha haitakubembeleza.

Picha pekee, hata hivyo, huonyesha matokeo bila kuonyesha mikono, na ndiyo maana unahitaji kujirekodi. Simamisha simu kwenye rundo la vitabu upande wa pili wa meza, mwanga wa dirisha ukitoka ubavuni, fremu ionyeshe mikono yote miwili na vyombo bila uso wako. Dakika tatu zinatosha. Usiikate wala kuipunguza mwendo, kwa sababu mwalimu anatafuta hasa zile sekunde ulizokwama. Ubora wa chini wa video unafaa kabisa kwa kazi hii, na bando lako litapumua. Mihadhara mirefu ipakue usiku kwa bando la usiku, na kwenye mijadala ya wagonjwa zima kamera, ubaki na sauti.

Huenda ukajiuliza kama mtu anaweza kweli kupima ustadi kwa kutazama video. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013 huko Michigan, Marekani, madaktari 20 wa upasuaji wa kupunguza unene walitoa kila mmoja video moja ya kazi yake, wenzao wakaipa alama bila kujua ni ya nani. Wagonjwa wa wale waliopata alama za chini kabisa walipata matatizo baada ya upasuaji kwa asilimia 14.5, na wa wale waliopata za juu kabisa kwa asilimia 5.2. Ikiwa video moja inaweza kueleza hayo juu ya daktari bingwa, dakika zako tatu za kongoro zitamweleza mwalimu wako mengi. Kama mwalimu hana muda wa kuwatazama wote, undeni kundi la watu watano, kila mmoja atume video yake Jumamosi, na kila mmoja aandike kosa moja tu la mwenzake. Kosa moja linasahihishika ndani ya wiki.

Kijana wangu anayesoma udaktari ametumiwa tangazo la kozi ya miezi sita ya upasuaji kwa mtandao, na mwishoni anapewa cheti cha upasuaji kutoka chuo cha nje. Ada si ndogo. Nilipe?
*Mama wa mwanafunzi, Tanga*

Usilipe, mama. Hapa nchini shahada ya udaktari ni miaka mitano, ikifuatiwa na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini chini ya uangalizi, ndipo mtu asajiliwe na Baraza la Madaktari Tanganyika. Ubingwa wa upasuaji huja baada ya hapo kwa miaka mingine kadhaa, na hakuna cheti cha mtandaoni kinachomruhusu mtu kushika kisu mbele ya mgonjwa. Kama kijana anataka kujiongezea maarifa, zipo kozi nzuri za bure: SURGhub, inayoendeshwa kwa ushirikiano na taasisi ya mafunzo ya Umoja wa Mataifa, UNITAR, na WebSurg ya kituo cha IRCAD cha Strasbourg, Ufaransa. Hizo humpa elimu tu, nazo zenyewe hazidai zaidi ya hapo. Tangazo lolote linalotaja cheti kabla ya kutaja mkufunzi ni nani na mwanafunzi atafanyia mazoezi wapi, mwambie alifute.

Daktari, ninafundisha upasuaji katika chuo cha Nyanda za Juu Kusini. Wanafunzi wetu wa mwaka wa tano wametawanyika hospitali za mikoa na wilaya, na ninakutana nao kwa mtandao mara moja kwa wiki. Nusu hawaongei, wengine mtandao unakatika, na mwishoni najikuta nimehutubia saa nzima. Wengine wanafanyaje?
*Mwalimu, Mbeya*

Mwalimu mwenzangu, wanafunzi wako wana kitu ambacho wewe uliyebaki chuoni huna, nacho ni wagonjwa. Mwanafunzi aliye hospitali ya wilaya amemwona leo asubuhi mama mwenye uvimbe wa titi aliyekuja amechelewa, au mtoto aliyemeza sarafu, na amemwona akiwa peke yake kuliko ambavyo angemwona katika hospitali ya rufaa. Saa yako moja ya wiki ni ya hao wagonjwa. Mhadhara mpe aupakue mapema, uwe sauti na slaidi chache zenye uzito mdogo, na kwenye kikao usiurudie hata kama unahisi hawakuusikiliza. Ukiurudia mara moja, wataacha kuupakua.

Mfano ninaoupenda si wa upasuaji. Mwaka 2003 daktari bingwa wa ini, Sanjeev Arora, wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, alichoka kuona wagonjwa wa homa ya ini aina ya C wakisafiri mamia ya maili na kungoja miezi ili kumwona, akaanzisha vikao vya kila wiki kwa video na waganga wa vijijini, ambavyo vilikua na kuitwa Project ECHO. Katika vikao hivyo mtaalamu huzungumza kidogo, kisha waganga huleta wagonjwa wao, wanajadiliwa, na wiki zifuatazo hurudi kueleza walivyoendelea. Miaka minane baadaye ilichapishwa kuwa wagonjwa waliotibiwa na waganga hao walipona kwa kiwango sawa na waliotibiwa katika kliniki ya chuo kikuu. Sehemu ya kurudi na kueleza yaliyotokea ndiyo tunayoisahau kuliko zote. Mwanafunzi aliyesema Jumanne kwamba tumbo hili ni la kidole tumbo anapaswa Jumanne inayofuata kutuambia kilichokutwa ndani.

Karibu na kwetu zaidi, Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa mwaka 1999 na kuwa na makao yake Arusha, tangu mwanzo kilijengwa bila majengo ya kufundishia: daktari anayesomea ubingwa hubaki katika hospitali iliyoidhinishwa, akifundishwa na bingwa aliye naye pale. Kwa kushirikiana na Chuo cha Madaktari wa Upasuaji cha Ireland kiliongeza jukwaa la mtandaoni lenye visa vya wagonjwa ambavyo mwanafunzi anapaswa kuvijibu. Hao ni madaktari waliokwisha kuhitimu, na wako tunaowazungumzia ni wanafunzi bado, lakini muundo wake unafaa kuigwa kwa sababu mtandao haukuwekwa mahali pa bingwa wa hospitalini. Kila kituo unachopeleka wanafunzi kiwe na daktari mmoja aliyekubali kwa jina lake kuwasimamia, na malipo au heshima fulani vimfikie. Bila huyo, kikao chako cha mtandaoni ni redio.

Kwa wasioongea, punguza ukubwa wa kundi. Wanafunzi arobaini kwenye kikao kimoja hawataongea hata ukiwaita kwa majina, lakini wanane wataongea, na ni afadhali dakika ishirini na wanane kuliko saa mbili na wote. Mletaji wa mgonjwa atume muhtasari wake kwa maandishi siku moja kabla, bila jina la mgonjwa, ili mtandao ukikatika mwingine aendelee kuusoma.

Kwa stadi za mikono, hatua nne zilizoelezwa na daktari wa upasuaji Rodney Peyton mwaka 1998 zinabebeka kwa kamera vizuri kuliko nilivyotarajia. Kwanza unafanya kwa mwendo wa kawaida bila kusema neno; pili unarudia polepole ukieleza; tatu unafanya huku mwanafunzi akikuamuru hatua kwa hatua, nawe unatii; nne anafanya yeye huku akieleza. Hatua ya tatu ndiyo ya thamani. Mwanafunzi akisahau kukuambia uachie koleo, usiliachie, kaa hivyo hivyo mbele ya kamera mpaka akumbuke. Kimya hicho kitamfundisha, na wenzake watacheka kidogo, si neno. Ya nne ndiyo video ya dakika tatu niliyomweleza mwanafunzi wa Dodoma, akifuatiliwa na msimamizi wa hospitali kabla hajamgusa mgonjwa.

Chuo chetu kinafikiria kununua miwani ya uhalisia pepe (virtual reality) kwa ajili ya wanafunzi wa upasuaji. Inafaa?
*Mhadhiri, Nairobi*

Inategemea ni nani atakayekuwa akiwapima wanafunzi. Tarehe 14 Aprili 2016 daktari Shafi Ahmed wa London alirusha moja kwa moja upasuaji wa saratani ya utumbo mpana kwa uhalisia pepe, watu wakautazama kwa simu na miwani kutoka nchi mbalimbali, na lilikuwa tukio la kusisimua. Lakini aliyetazama kwa miwani alikuwa bado mtazamaji. Tofauti na hilo, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002 na Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, madaktari 16 waliokuwa wakisomea upasuaji waligawanywa, nusu wakafanya mazoezi kwenye mashine ya uhalisia pepe mpaka wafikie kiwango kilichowekwa na mabingwa, ndipo wakaruhusiwa kuondoa mfuko wa nyongo wa mgonjwa. Walifanya kazi hiyo kwa asilimia 29 haraka zaidi, na wale ambao hawakupitia mashine walielekea mara tano zaidi kuujeruhi mfuko wa nyongo au kuunguza tishu isiyohusika. Mashine hiyo ya zamani ilikuwa na picha duni kuliko mchezo wowote wa simu wa leo, ila ilikuwa na kiwango cha kufikia. Kama chuo kina fedha za miwani lakini hakina mshahara wa mkufunzi wa maabara ya stadi, ningenunua masanduku ya mazoezi, nyuzi na kongoro, na kumwajiri mkufunzi.

Daktari, niko kwenye mafunzo ya vitendo. Daktari wetu bingwa hufanya upasuaji mzuri sana wa busha, na wanafunzi walioko chuoni wamenisihi niurekodi kwa simu niwatumie kwenye kundi la WhatsApp. Daktari mwenyewe hana neno. Je, kuna ubaya?
*Daktari wa mafunzo ya vitendo, Mombasa*

Ridhaa ya daktari haitoshi, kwa sababu mwili si wake. Ridhaa aliyotia sahihi mgonjwa ni ya kupasuliwa, na ya kurekodiwa ni nyingine, inayoombwa peke yake, kwa lugha anayoielewa, akiwa bado wodini na akili zake, kabla ya dawa yoyote ya kumtuliza. Mwambie video itaonwa na nani, itahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na kwamba akikataa atatibiwa vile vile. Mgonjwa wa busha mara nyingi ni mtu mzima aliyeficha ugonjwa huo kwa miaka kwa haya, na akikubali kwa kuwa tu aliyeuliza amevaa koti jeupe, hajakubali. Mpe nafasi ya kumshauri mke wake au kaka yake, na umruhusu kubadili nia hata baada ya upasuaji.

Kisha kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 huweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na upande wa Tanzania ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Pata kibali cha maandishi cha uongozi wa hospitali na, inapohitajika, cha kamati ya maadili. Usitumie simu yako binafsi. WhatsApp huhifadhi video kwenye galari ya kila aliyeipokea na kwenye nakala rudufu zake, na hata ukiifuta kwako, huwezi kuifuta kwenye simu ya mtu wa hamsini. Tumia kamera ya hospitali, na video ikae kwenye mfumo wa chuo ambao mwanafunzi anaingia kwa nenosiri, anatazama na kutoka bila kupakua.

Kabla ya kuipeleka, ondoa sauti yote, kwa maana chumbani watu hutaja majina bila kujijua, kisha mwalimu arekodi maelezo yake upya juu ya picha. Angalia pembeni mwa fremu: ubao wa orodha ya wagonjwa, lebo ya chupa ya dripu, bangili ya mkononi, kovu au chale ambayo jirani angeitambua. Mwombe daktari bingwa asikate zile dakika ambazo mfuko wa busha ulikuwa mnene na umeshikana, au alipotafuta chanzo cha damu, kwa kuwa hizo ndizo wanafunzi wako wasizozipata kwingine. Wazo la kurusha upasuaji moja kwa moja lisogeze mbele kwanza, mpaka hospitali iwe na mtu mwingine, asiyepasua, anayeshughulika na kamera na maswali ya watazamaji na mwenye mamlaka ya kuzima matangazo mara tu daktari anaposema amepata tatizo.